Mshipa wa mguu kwa ajili ya pontaji ya moyo: tundu dogo au mkato mrefu?

Swali la msomaji wa Katuba, Lubumbashi: «Baba yangu ana miaka 66, ana kisukari cha siku nyingi, na mishipa mitatu ya moyo wake imeziba. Familia imechanga pesa za kumpeleka India kwa pontaji, yaani upasuaji wa kushona mshipa mwingine moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Kwenye karatasi ya bei kuna mstari wa kutoa mshipa wa mguu kwa kamera, na malipo yake ni ya ziada. Hapa nyumbani wengine wanasema huo ni urembo tu, kovu dogo, na mzee wa miaka 66 hana haja na urembo. Wengine wanaogopa kwamba mguu utabaki bila damu. Tulipe au tuache?»

Mama, poleni kwa ugonjwa wa mzee. Nitaanza na jibu lenyewe. Kwa mtu mwenye kisukari, mstari huo una faida ya kweli na si urembo. Ila faida hiyo ina sharti: anayeutoa mshipa awe amekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi sana. Kama hospitali ina kamera nzuri lakini mtu wake bado anajifunza, mkato mrefu wa zamani ni salama zaidi kwa moyo wa mzee, hata kama mguu utauma zaidi. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana mkielewa kazi yenyewe mtajua maswali ya kuuliza kabla ya kutuma pesa.

Tuanze na hofu ya mguu. Mshipa unaochukuliwa ni vena safena kubwa. Unaanzia mbele ya kifundo cha mguu kwa ndani, unapanda upande wa ndani wa shavu la mguu, unapita nyuma kidogo ya goti, kisha unafuata paja hadi kinena. Hiyo ni vena, kazi yake ni kurudisha damu. Damu inayolisha mguu inaletwa na ateri, na ateri haziguswi. Tena karibu asilimia 90 ya damu inayorudi kutoka mguuni hupita katika vena za ndani, zilizo katikati ya misuli. Safena ikiondoka, za ndani zinaendelea na kazi yao. Mguu unaweza kuvimba kwa wiki kadhaa, halafu ukatulia. Mambo mawili tu ndiyo yanayobadilisha hesabu hii. Kama mzee aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni, vena za ndani huenda hazipitishi vizuri, kwa hiyo mpasuaji lazima aambiwe. Na kama ateri za mguu wenyewe zimebanwa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu, kidonda chini ya goti kinaweza kukataa kupona. Daktari yeyote wa Lubumbashi anaweza kupima mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, miguu yote miwili, na kuandika upande gani ni dhaifu. Karatasi hiyo isafiri na mzee.

Kwa nini mguu? Mshipa bora kabisa wa pontaji uko kifuani: ateri ya ndani ya kifua, upande wa kushoto. Hiyo huunganishwa na ateri kuu ya mbele ya moyo, na baada ya miaka 10 zaidi ya asilimia 90 bado ziko wazi. Lakini mzee ana mishipa mitatu iliyoziba, na hapo safena inahitajika. Tangu René Favaloro alipoanza kuitumia kwa utaratibu Cleveland, Marekani, mwaka 1967, ndiyo imebeba sehemu kubwa ya kazi hii duniani, kwa sababu ni ndefu, ni rahisi kushona na iko karibu na ngozi. Kila daraja moja, yaani kila kipande cha mshipa kinachovusha damu kupita palipoziba, linahitaji sentimita 15 hadi 20. Kwa madaraja mawili ni sentimita 30 hadi 40, na paja la mtu mzima mara nyingi linatosha.

Kwa njia ya zamani, kupata urefu huo kunahitaji ngozi ipasuliwe kwa urefu huohuo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mguu hayana damu nyingi. Kingo za kidonda hukosa lishe, hunyauka, hutoa maji, kisha vijidudu huingia. Wanaoumia zaidi ni wenye kisukari, wanene, wavutaji wa sigara na wenye ateri mbovu za miguu. Wagonjwa wengi wa pontaji hulalamikia mguu kuliko kifua. Na mguu wenye usaha huvuruga mengi: mgonjwa hatembei, mapafu yanajaa makohozi, sukari inapanda, na sukari ikipanda kidonda kinazidi kuharibika. Hapo ndipo pesa za kamera zinapopata maana kwa mzee wenu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya yote mguu hupimwa kwa ekografi, kipimo cha mawimbi ya sauti, na njia ya mshipa huchorwa juu ya ngozi kwa kalamu. Mshipa mzuri una upana wa milimita 3 hadi 5, ukuta laini, hauna vifundo. Ukiwa mwembamba chini ya milimita 2, au umepanuka kupita 6, au umejikunja kama wa mtu mwenye vena zilizovimba, unaachwa. Ekografi hii inachukua dakika chache na inazuia aibu ya kufungua mguu na kukuta mshipa usiofaa.

Mguu hukunjwa kidogo, goti likaangalia nje. Mkato wa sentimita 2 hadi 3 hupasuliwa upande wa ndani wa goti, mshipa hutafutwa, na uzi laini wa mpira huzungushwa kuushika. Katika hatua hii, kabla gesi haijaingia, heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huchomwa, kwa kawaida kati ya uniti 2,500 na 5,000. Kumbukeni sentensi hiyo, nitairudia. Kisha mlango mdogo wenye puto huwekwa kwenye mkato ili gesi isitoroke, na kaboni dayoksaidi hupulizwa kwa shinikizo la milimita 10 hadi 12 za zebaki, lita 3 hadi 5 kwa dakika. Gesi hiyo hufungua nafasi, na kamera nyembamba yenye koni ya plastiki inayopitisha mwanga husukumwa taratibu kuelekea kinena.

Kwenye skrini mnaona handaki. Kuta zake ni mafuta ya manjano yanayong'aa, na sakafuni umelala mshipa, rangi kati ya kijivu na buluu, unene wa kalamu nyembamba. Matawi yake hutokea ubavuni kama vijiti, mengine membamba kama uzi. Koni hupita juu ya mshipa kwanza, halafu chini, halafu pembeni, na kila mara inasukuma mafuta yatoke kwenye mshipa. Mtu anayeusukuma mshipa wenyewe utamjua papo hapo: mshipa unakunjamana mbele ya koni, na matawi yanavutika hadi kuwa meupe. Aliyekomaa akifika kwenye tawi hupunguza mwendo, huzunguka tawi pande zote mpaka limesimama peke yake kama nguzo, ndipo anaendelea.

Mshipa ukishaachana na mafuta, koni hutolewa na chombo kingine huingia: kina kishikio chenye umbo la herufi C kinachoubeba mshipa bila kuubana, na mkasi mdogo wa umeme unaounguza na kukata kwa pamoja. Kila tawi hukatwa mbali na mshipa, likiacha kisiki cha milimita kadhaa. Mwishoni tundu lisilofika sentimita 1 hutobolewa karibu na kinena, ncha ya juu ya mshipa hufungwa na kukatwa, na mshipa wote hutokea gotini. Mkono uliozoea hutumia takriban nusu saa hadi dakika 45. Chini ya goti wengi hawapendi kuingia, kwa sababu neva ya safena hutembea bega kwa bega na mshipa, na ikiguswa upande wa ndani wa mguu hubaki na ganzi.

Mezani visiki hufungwa kimoja kimoja kwa uzi au klipu, na panapovuja hushonwa kwa uzi mwembamba sana, namba 7-0. Mshipa hugeuzwa kichwa chini, maana ndani una vilango vinavyoruhusu damu upande mmoja tu. Ukiunganishwa bila kugeuzwa, vilango hivyo vinaizuia damu isiingie moyoni.

Haya, wapi panaharibika? Hapa ndipo ningependa familia isome mara mbili, kwa sababu jeraha la ngozi kila mtu analiona, bali jeraha la ndani ya mshipa hakuna anayeliona siku ile.

La kwanza ni damu kuganda ndani ya mshipa wakati bado uko mguuni. Gesi hubana vena, damu husimama, na damu iliyosimama huganda. Nyuzi za damu iliyoganda hubaki zimenata ndani, mshipa ukitazamwa kwa nje unapendeza, kisha unashonwa moyoni ukiwa tayari na mbegu ya kuziba. Dawa yake ni ile heparini ya mapema. Zipo timu zinazosubiri heparini kubwa ya mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji, ambayo huja baadaye, mguu ukiwa umekwisha kufanyiwa kazi.

La pili ni kuvuta. Ukuta wa ndani wa vena una utando wa seli wa safu moja tu, na utando huo ndio unaozuia damu isigande. Mshipa ukivutwa kama kamba, utando unachanika. Tawi likinyofolewa badala ya kukatwa, panabaki tundu ubavuni, na kushona tundu hilo kunaupunguza mshipa upana. Tawi likiunguzwa karibu mno, joto hufika kwenye ukuta wa mshipa.

La tatu hufanyika kwa njia zote mbili, ya kamera na ya mkato mrefu, na ni sindano. Ili kuona panapovuja, mtu huujaza mshipa kwa bomba la sindano. Mkono wa binadamu ukibonyeza bila kipimo unaweza kupitisha milimita 300 za zebaki, wakati mshipa huo ulizoea shinikizo dogo sana mguuni. Shinikizo lisipite 150. Na kimiminika kina maana yake: maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali yana uchachu, pH yake ni karibu 5.5 wakati damu ni 7.4, na utando wa ndani huumia ukilowekwa humo. Damu ya mgonjwa mwenyewe yenye heparini, au mchanganyiko maalumu uliosawazishwa pH, ni bora. Ni jambo dogo kwa gharama, na linasikitisha sana linapopuuzwa.

La nne ni gesi kuingia kwenye damu kupitia tawi lililochanika. Ni nadra, lakini ni la haraka: shinikizo la damu huanguka, na kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi hubadilika ghafla. Gesi hufungwa mara moja, na kichwa cha mgonjwa huinamishwa chini. Ndiyo maana shinikizo la gesi huwekwa chini na daktari wa nusukaputi huambiwa wazi dakika ile gesi inapofunguliwa.

La tano ni damu kujaa kwenye handaki baada ya kufunga. Nje kuna tundu dogo safi, ndani kuna bonge la damu, na bonge hilo ni chakula cha vijidudu. Huzuiwa kwa kukagua matawi tena kabla ya kufunga, kuweka mrija wa kutoa damu pale inapobidi, na kufunga bendeji ya mpira kuanzia unyayo hadi paja.

Kuhusu ushahidi, pana tafiti mbili ambazo kila mpasuaji wa moyo anazifahamu. Mwaka 2009 wagonjwa 3,000 wa jaribio la PREVENT IV huko Marekani walichambuliwa upya, na waliotolewa mshipa kwa kamera walionekana kuwa na matokeo mabaya zaidi: miezi 12 hadi 18 baadaye, asilimia 46.7 kati yao walikuwa na daraja la vena lililoharibika, dhidi ya asilimia 38 kwa waliopasuliwa wazi. Habari hiyo ilitisha wengi. Lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili, na uzoefu wa watoaji ulikuwa wa kila aina. Kisha ikaja REGROUP, iliyochapishwa 2019: wagonjwa 1,150 katika hospitali 16 za wanajeshi wastaafu wa Marekani, safari hii wakigawanywa kwa kura. Kwa takriban miaka mitatu vifo, mishtuko ya moyo na kurudia kufungua mishipa vilikuwa asilimia 13.9 kwa kamera na 15.5 kwa mkato wazi, tofauti isiyo na uzito. Maambukizi ya mguu yalikuwa asilimia 1.4 kwa kamera na 3.1 kwa mkato. Na hapa ndipo pa kuangalia: kuingia REGROUP, mtoaji alipaswa awe amekwisha kutoa mishipa zaidi ya 100 kwa kamera, na awe analazimika kugeukia mkato wazi chini ya mara 5 katika kila 100. Matokeo yale mazuri ni ya mikono ya namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andikieni hospitali barua pepe yenye maswali machache. Nani hasa atautoa mshipa, maana mara nyingi si yule mpasuaji mkuu mwenye jina, ni msaidizi wake. Na huyo amefanya mara ngapi? Heparini hutolewa kabla ya gesi? Mshipa huwekwa kwenye nini baada ya kutolewa? Kifaa cha matumizi ya mara moja hufunguliwa kipya kwa mgonjwa wetu, au kimesafishwa baada ya mwingine? Mguu utapimwa kwa ekografi? Hospitali inayoifanya kazi hii kila wiki hujibu kwa mistari mitano bila kukasirika. Ikijibu kwa kuwasifia tu mashine yake, mimi ningeuacha mstari huo na kuomba mkato wazi.

Pesa zikiwa hazitoshi kuna njia ya katikati, na mara nyingi wagonjwa hawatajiwi: mikato mitatu au minne mifupi yenye vipande vya ngozi nzima katikati yake. Haihitaji gesi wala kifaa cha gharama. Kasoro yake ni kwamba chini ya ngozi iliyobaki mtu hafanyi kazi kwa kuona vizuri, na anaweza kuvuta mshipa kupita kiasi.

Mnaweza pia kusikia mpasuaji akitaka kuutoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kuujaza kwa sindano. Njia hiyo ilianzishwa na Domingos Souza huko Örebro, Sweden, katika miaka ya 1990, na madaraja yake yamedumu vizuri kwa miaka mingi. Hufanywa kwa mkato wazi, na kidonda chake ni kigumu zaidi. Kwa mzee mwenye kisukari kilichotulia na miguu yenye mapigo mazuri, ni ombi la kusikilizwa. Kwa mwenye unyayo uliokwisha kufa ganzi na ngozi kavu inayopasuka, ningesita.

Yapo mnayoweza kuanza leo mkiwa Lubumbashi. Mtu yeyote asimchome mzee dripu kwenye vena ya kifundo cha mguu. Wauguzi huipenda kwa sababu inaonekana wazi, lakini huo ndio mshipa tunaouhitaji. Sukari ianze kushuka sasa, na kipande cha bukari kipungue, mboga na samaki viongezeke, dawa zinywewe kwa saa zake. Hospitalini, baada ya upasuaji, lengo ni sukari isipite 180 mg/dl. Fangasi kati ya vidole vya miguu zitibiwe kabla ya safari. Nywele za mguu msimnyoe kwa wembe; wembe huacha mikwaruzo ya kuingilia vijidudu, na hospitali itazipunguza kwa mashine siku yenyewe. Kama anavuta sigara, aache leo.

Baada ya upasuaji aspirini huanza ndani ya saa 6 kama damu haitoki kwa wingi, na haikomi maisha yote, pamoja na dawa ya kushusha kolesteroli. Madaraja ya vena huziba mapema kwa kuganda na baadaye kwa kolesteroli. Dawa hizo mbili ndizo zinazoyalinda. Ombeni majina ya dawa yaandikwe kwa jina la kemikali, maana jina la kibiashara la India huenda duka la dawa la Lubumbashi halilijui. Ombeni pia ripoti kamili ya upasuaji: ni mguu gani, madaraja mangapi, kila moja limeunganishwa wapi. Siku mzee akihitaji kupigwa picha ya mishipa ya moyo, daktari asiye na ripoti hiyo atatafuta madaraja kwa kubahatisha.

Tarehe ya kurudi ipangwe na mpasuaji, msiikate mapema. Kwenye ndege asimame na kutembea kila saa, na akiwa ameketi akunje na kunyoosha unyayo. Nyumbani mguu uinuliwe juu ya kiti kila anapokaa, juu ya mto anapolala. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, kikaushwe kwa kupapasa. Mkirudi kiangazi, Julai au Agosti, vumbi jekundu la barabara zetu linaingia kila mahali, basi avae soksi safi kila siku na kidonda kifunikwe hadi kijifunge. Msipake majani wala unga wa dawa yoyote.

Kuvilia damu kwa rangi ya zambarau kwenye paja kwa wiki mbili ni kawaida, na kamba ngumu inayogusika mahali mshipa ulipokuwa hulainika polepole. Nendeni hospitali siku hiyohiyo mkiona paja limevimba na kukaza ghafla, usaha au maji yenye harufu, wekundu unaopanda, au homa. Shavu la mguu likiuma na kuvimba upande mmoja, huenda damu imeganda kwenye vena za ndani. Na pumzi ikikata au kifua kikibana, msisubiri kupambazuke.